Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: pimeni mkojo kwanza

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: KIKOPO CHA MKOJO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemwahidi mwezi Machi kwamba suala lake "linafanyiwa kazi". Nikanyamaza. Juzi binti wa jirani amerudi kutoka kwenu analia: homoni ya ujauzito iko juu, utrasaundi haioni mimba, aanze sindano za saratani. Maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Nikukumbushe. Homoni hiyo kwenye damu yangu ilisoma 213, wiki iliyofuata 209, kisha 216. Uvimbe gani huo usiopanda wala kushuka? Mkanichoma methotreksati, hiyo sindano ya saratani, mara nne. Mdomo ukajaa vidonda, hata uji uliopoa ukawa moto. Mteja wa sare za shule akaja kuchukua vitambaa vyake, nusu vimekatwa.

Aliyeniokoa ni kijana wa maabara, mji mwingine. Alinipa kikopo. Mkojo ukatoa mstari mmoja tu, hakuna kitu. Akanieleza kwa lugha ya cherehani: kipimo cha damu kina kingamwili mbili (protini za kinga ya mwili), mara nyingi za panya au mbuzi, na homoni ndiyo uzi unaozishona pamoja. Damu za baadhi yetu zina kingamwili zinazozishona zile mbili bila homoni kuwepo. Mashine inahesabu mshono, haiulizi uzi umetoka wapi. Kingamwili hizo ni kubwa, hazipenyi figo kuingia mkojoni kama homoni halisi. Akaizimua damu yangu nusu kwa nusu. Namba ikagoma kushuka nusu, kama ambavyo homoni halisi ingeshuka. Akairudia kwenye mashine ya kampuni nyingine: chini ya 2.

Kingamwili hizo nilizipata wapi? Nafuga sungura tangu utotoni, mimi nawashuku wao. Kijana alicheka tu.

Huko Seattle, Marekani, mwanamke aliondolewa kizazi na kipande cha pafu kwa kosa la namna hii, na mwaka 2001 baraza la mahakama likaamua alipwe mamilioni ya dola. Mimi sidai dola. Nadai kikopo. Msiniambie vipimo vya mkojo vimeisha, boksi zima nililiona kwenye kliniki yenu ya wajawazito.

Binti anachomwa Alhamisi. Pimeni mkojo wake Jumatano. Hata Alhamisi asubuhi, kabla ya sindano, pimeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi cherehani (faili langu unalo)