YAH: MALALAMIKO KUHUSU MKANDA WA TAIMINGI ULIOFUNGWA BILA KUKAGUA ALAMA

Kwa Meneja Mkuu,

Kwa heshima yote ninayoweza kuikusanya leo, ninakuandikia kuhusu Hiace yangu yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ambayo mafundi wako waliibadilishia mkanda wa taimingi, yaani ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati sawa na mwendo wa pistoni, na ambayo sasa imelala Lugazi ikiwa na vali 5 zilizopinda kati ya 8.

Taratibu za gereji yako unazijua. Ninataka nijibiwe kwa nini injini iliwashwa kabla ya kuzungushwa kwa mkono. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mkanda ulipokwisha kuvishwa, fundi wako alipaswa kushika spana na kuizungusha krenkishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa hiyo huzunguka mara mbili ndipo kamshafti, shafti inayofungua vali, izunguke mara moja, kisha atazame kama alama za kupangia krenkishafti, kamshafti na pampu ya dizeli zimerudi mahali pake. Hakufanya hivyo. Alifunga kava, akapiga stata.

Kesho yake nililirudisha gari likitoa moshi mweupe na kushindwa kupanda vilima, nikamwomba msimamizi wako, kwa adabu, afungue kava atazame alama. Alinijibu mbele ya wateja: "Mzee, gari limechoka kama wewe. Nenda kapumzike." Kava halikufunguliwa.

Injini ilizimika usiku katikati ya msitu wa Mabira, abiria wangu wakiwa ndani na malori ya kwenda Busia yakitupita kwa kasi. Fundi wa Lugazi alipofungua, boliti ya tenshena, kile kifaa kinachokaza mkanda, ilizunguka kwa vidole vitupu, na alama ya kamshafti ilikuwa imekosea kwa meno matatu. Mkanda uliolegea huruka meno, na katika injini hii ukiruka, pistoni hukutana na vali. Hilo si bahati mbaya, wala si uzee wa gari.

Na hapo ninarudi kwenye yale maneno, kwa maana binti yangu alikuwa kando yangu, ameshika risiti yenu mkononi. Msimamizi alisema nimechoka kama gari langu, akazisukuma funguo juu ya kaunta mpaka zikaanguka chini, na binti yangu ndiye aliyeinama kuziokota huku mhasibu wenu akicheka. Nimeendesha magari tangu mwaka 1989. Sijawahi kudhalilishwa hivyo mbele ya mtoto wangu, na yote kwa sababu niliomba kava lenye boliti chache lifunguliwe.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai nirudishiwe malipo ya kazi pekee. Sasa ninadai pia vali mpya, kazi ya silinda hedi, gharama ya kuvutwa kutoka Mabira, mapato ya kila siku ambayo gari limelala, na barua ya kumwomba radhi binti yangu kwa jina lake, iliyotiwa saini na msimamizi huyo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitakwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hapa Uganda hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na dai langu linaenea humo.

Boliti ya tenshena ninayo, na alama zilipigwa picha kabla fundi wa Lugazi hajagusa kitu.

Mteja wenu,
Busia, Uganda