Baba anataka nimkorogee hina tena

Asalaam aleikum shangazi, na shikamoo.

Ni saa 9 usiku, sijalala tangu baba alipopiga simu jana jioni. Kwenye kundi la familia wanacheka hadi sasa, na wakicheka kinachotajwa ni kilekile, hina. Hina niliyoikoroga mimi.

Nianze na hiyo hina, maana watu wanasema wasichokijua. Ndevu za mzee, nyeupe tupu, zinatosha vijiko 4 vya chakula vya unga wa hina. Unga uwe wa kijani na unukie majani. Ukishakuwa wa kahawia umepitwa na wakati, hautoi kitu. Unauchekecha kwa kitambaa chepesi, unatia chai ya rangi iliyokolea, ya vuguvugu, unakamulia ndimu 1, unakoroga kwenye bakuli la plastiki mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Bakuli la chuma hapana. Unafunika, unaacha saa 6. Kwa joto letu la Ujiji hata 4 zinatosha. Ukiona juu pameingia weusi na ndani bado kijani, rangi imetoka. Mashavu na masikio yanapakwa mafuta ya mgando kwanza, ngozi isishike. Hina ikae saa 3 chini ya nailoni, halafu isuuzwe kwa maji matupu. Sabuni ni kesho kutwa.

Na zikisuuzwa, zitatoka rangi ya chungwa. Lazima, hata akipaka nani. Mvi hazina rangi yake, kwa hiyo unachokiona pale ni hina peke yake, na hina inataka siku 2 ikolee iwe nyekundu ya kuiva. Ndiyo maana harusi ikiwa Ijumaa, mvi zinapakwa Jumanne, ukichelewa sana Jumatano. Ningeambiwa kuna harusi ningesema hayo yote. Mimi niliambiwa ni sunna, na kwamba Idi inakaribia. Idi ilikuwa bado miezi 2, nami sikushtuka.

Baba alikuwa na miaka 72. Akachukua bakuli Alhamisi jioni. Mafuta hakupaka, akalala na hina usiku kucha, alfajiri akaiosha kwa sabuni ya mche, akavaa kanzu, akaita bodaboda kwenda Mwanga, hapahapa mjini kwetu, kuoa. Ndevu, mashavu na sikio moja vilikuwa rangi moja. Mjukuu aliyemwona mlangoni akapiga kelele, "Babu kanywa mawese!" Kwa mji kama wetu, ambako hakuna jiko lisilo na dumu la mawese, jina hilo lisingekosa kumganda. Miaka 7 sasa ni Babu Mawese.

Mimi nilisikia saa 10 jioni, kwa mama anayeniuzia dagaa. Ananipa hongera. Hongera ya nini? Ndiyo hivyo nilivyojua.

Yaliyotokea huko nayajua kwa kusimuliwa. Walii alikuwa kaka wa bibi harusi, mzee mwenzake, anatamka polepole. Kukubali kunatakiwa kuje baada ya walii kumaliza kuozesha, sasa baba kila mara akawahi, "Nimekubali!", na shehe akawarudisha mwanzo. Mara 3. Mara ya tatu bibi harusi mwenyewe akasema kutoka chumba cha pili, "Mwacheni amalize, simkimbii." Ni kisa kizuri, sikatai, kila Idi kinasimuliwa upya na watoto wanagawana sauti, huyu shehe, huyu walii. Lakini kila kikifika kwenye ndevu wananigeukia mimi. Niliyekoroga ni mimi, na asiyeambiwa ni mimi. Wadogo zangu wawili waliambiwa tangu siku ya posa.

Sina wivu, shangazi. Mama yetu alikuwa ameshatangulia miaka 4 kabla, na mimi ndiye niliyekuwa nasema baba asikae peke yake. Sikuwahi kumkosea adabu yule mama. Nilisema tu kwamba sitakanyaga kwake, walipohamia kwao Tabora, na sijakanyaga. Simu za sikukuu napiga.

Sasa baba ana miaka 79 na tangu mwaka jana anasahau. Jana akapiga simu mwenyewe. "Mwanangu, nikorogee hina. Ijumaa naoa. Wenzako sijawaambia, nimeanza na wewe."

Nimeanza na wewe, shangazi. Nilishindwa kuitikia.

Yule mama akachukua simu, akaniambia ni wiki ya pili sasa, kila kukicha Ijumaa anaoa, na bibi harusi ni yeye huyohuyo, anamtaja kwa jina lake. Anajishika ndevu anauliza hina imefika wapi. Akaniomba niende mimi, kwa kuwa mikono ya mwingine anaikataa. Nikasema nitafikiria. Kosa langu nikaandika kwenye kundi, sasa wanacheka, Babu Mawese anaoa mara ya pili. Kaka yangu anasema nimpelekee piko iwe nyeusi, tumalize kazi. Piko kwenye ngozi ya mzee! Ile nyeusi ina dawa inayochoma, nimeshaona shavu la msichana wa miaka 20 limetoka malengelenge, sembuse ya babu. Sipeleki.

Tena mtu anayesahau hakai na nailoni saa 3. Ataivua, ataupeleka mkono mdomoni, ataipaka machoni. Itabidi saa 1 na nusu tu, upande mmoja asubuhi, wa pili jioni, mtu akimshika mkono na kuzungumza naye. Mtu huyo atakuwa yule mama, hakuna mwingine, na mimi nimekaa nao uso kwa uso. Hilo ndilo linalonitoa usingizi. Au nimtume binti yangu? Nimemfundisha, lakini bado anaharakisha.

Na baba akiniuliza mahari imeshapelekwa, nimwambie ukweli kwamba ameshaoa, mkewe ndiye huyo aliyemshika mkono? Au nimwitikie, niseme hongera baba, kama ndiyo kwanza nasikia?

Bado sijaamua kwenda. Unga nimeshachekecha, upo kwenye kopo lenye mfuniko, hauharibiki haraka usipopata unyevu. Naomba tu unijibu mapema nijue napanda treni ya lini. Ijumaa yoyote ni sawa kwake, ila zipakwe Jumanne.

Binti wa Ujiji