Kisutu cha Mama Kisikae Juani

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, na mikorosho imeanza kuchanua. Hongera sana kwa nyumba! Ila nakuandikia haraka, fundi asije akapiga misumari kabla hujanisoma. Hizo kanga za marehemu mama unazotaka kuzitia fremu, nakuomba usizitundike kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la baharini, hasa kile kisutu alichoolewa nacho.

Hapo Lindi jua linachomozea baharini, kwa hiyo litamwagika ukutani asubuhi nzima. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo inayopausha vibaya zaidi, lakini hata mwanga huu wa kawaida unavunja rangi, kidogo kidogo, na rangi ikishavunjika hairudi. Kioo cha dirisha kinazuia sehemu tu ya miale hiyo. Wenye makumbusho huweka vitambaa vya kale kwenye mwanga wa luksi 50 hivi; luksi ni kipimo cha mwanga. Jua la mchana nje hufika luksi 100,000. Ndiyo maana naogopa.

Mimi ningekitundika kwenye korido, mbali na madirisha. Tena kanga moja tu kwa wakati. Nyingine zipumzike sandukuni, zimefungwa kwa shuka jeupe la pamba, kisha baada ya miezi michache unabadilisha. Usizitie kwenye mfuko wa plastiki, maana kwa unyevu wetu wa pwani zitaota ukungu.

Makochi hayanipi hofu sana, ukiwa unageuza mito. Mapazia yatie bitana. Na dirisha la kaskazini usilidharau: mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linakaa upande huo na linaingia mpaka ndani. Desemba linahamia kusini, lakini liko juu mno, upenu unalizuia. Ukitaka kubandika tinti, muulize muuzaji inazuia kiasi gani cha urujuanimno, maana giza la tinti peke yake si kinga. Hata iliyo nzuri inapunguza kupauka tu, haiondoi.

Bitana nyeupe ninaweza kukununulia hapa mjini. Nitumie vipimo vya madirisha, upana na urefu, nikija nije nayo.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanahawa