"Hivi karibuni" ndiyo lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie neno moja la Kiingereza, "imminent", ambalo magazeti yetu, likiwamo hili lako ninalolisoma kila asubuhi, hulifasiri mara nyingi kuwa "ya hivi karibuni" au "inayotarajiwa". Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi na nakiri kwamba hata mimi niliwapa wanafunzi wangu tafsiri hiyo hiyo bila kuitafakari.

Kilichonizindua ni tangazo lililobandikwa masika yaliyopita kwenye nyumba kadhaa za mlimani huku Igogo, ambako watu wamejenga hadi chini ya mawe yenyewe. Liliandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiingereza wakazi waliambiwa kwamba hatari inayowakabili ni "imminent"; kwa Kiswahili ikawa "hatari inayotarajiwa hivi karibuni". Jirani yangu mmoja, bibi ambaye jiwe kubwa kuliko nyumba yake limeinamia paa la jiko lake, hata jua la jioni likipinda kivuli cha jiwe hilo hufunika kamba ya kuanikia nguo, aliniita nimsomee. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mwalimu, hiyo hivi karibuni ndiyo lini?" Nikababaika, naye akaendelea kuchambua dagaa wake.

Neno lenyewe lingemjibu vizuri kuliko mimi. Liliingia katika Kiingereza karne ya 16 likitoka kwenye kitenzi cha Kilatini "imminere", yaani kujitokeza juu ya kitu na kukiinamia, kama ufanyavyo mwamba au ukuta uliopinda. Lina ndugu zake: "eminent" ni kilichochomoza juu ya vingine, "prominent" ni kilichojitokeza mbele, na "menace", tishio, limetoka katika ukoo huo huo. Mkazi wa Mwanza hahitaji kamusi ili kuwaona ndugu hao, kwani kilima cha Bugando kimechomoza juu ya mji, Capri Point imejitokeza ziwani, na jiwe la yule bibi limeinama juu ya jiko. (Wanafunzi wangu walipokuwa wakimwandika mgeni rasmi kuwa mtu "imminent" badala ya "eminent", walikuwa wamemning'iniza hewani bila kujua.) Hata "impending", ambalo hutumiwa kwa maana hiyo hiyo, asili yake ni kitenzi "pendere", kuning'inia.

Basi neno hili, kabla ya kutaja wakati, lilitaja mahali. Linasema kwamba kitu cha kuogopwa kimekwisha kufika, kiko juu ya kichwa chako, na kilichobaki ni kuanguka tu. Halina tarehe, na ndiyo maana Jiwe la Bismarck linaweza kuonekana vile lilivyo, limesimama juu ya mawe wenzake pale ziwani, pasipo mtu kuweza kusema litadondoka lini.

Tafsiri yetu inapoteza yote hayo. "Hivi karibuni" huelekea pande mbili, kwani mtu aliyefika hivi karibuni yumo ndani tayari, na atakayefika hivi karibuni bado yuko njiani. "Kutarajia" nako kuna harufu ya tumaini, kwa maana neno hilo tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kutumaini. Tunatarajia wageni na mavuno. Mafuriko na vifo tunavihofia.

Wala Kiswahili hakijapungukiwa. Tunasema njaa inanyemelea, vita vinanukia, hatari inatukabili, na kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kina picha yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo imetuzoesha kutofautisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, jambo ambalo naliona ni la kupongezwa. Na nendeni kwenye mwalo wowote wa ziwa hili: wingu jeusi likishasimama juu ya maji, hamtamsikia mvuvi akisema dhoruba inatarajiwa. Atanyoosha mkono na kusema, "Mvua hiyo!", na wenzake wataanza kuvuta mitumbwi nchi kavu. Hiyo "hiyo" yake, kwa maoni yangu, ndiyo tafsiri bora ya "imminent" niliyowahi kuisikia.

Ninachowaomba wahariri na wanaotafsiri matangazo ya umma ni kwamba, penye hatari, waandike "inayotukabili" au "iliyo juu yetu", na neno "inatarajiwa" waliachie harusi na mikutano. Siku ya pili nilirudi kwa yule bibi nikamsomea upya: "hatari iliyo juu yako". Alitazama juu kwa muda, kisha akafungua kamba ya nguo na kuihamishia upande wa pili wa nyumba.

Mwalimu mstaafu,
Igogo, Mwanza