Kadi inachelewa nyuma ya kidole

Kaka mambo vipi, za Tabora? Shemeji na watoto wazima? Huku Kigoma tupo, mama anakusalimia sana. Najua nimekaa kimya toka msiba wa bibi, unisamehe, leo nakutafuta kwa shida.

Ile programu ya mzee wa Kibirizi, ya kupanga mizigo kwenye maboti, unashika kadi ya madumu ya mawese unaiburuta unaidondosha kwenye boti ya kesho. Kwenye laptopu yangu inateleza safi kabisa. Juzi nikamfungulia kwenye simu yake, kadi kama 300 hivi, akaburuta moja, kidole kimeshafika huku kadi bado iko kule, inakuja kwa kurukaruka, mwisho ikaangukia boti siyo. Mzee hakusema kitu, akavuta daftari lake akaendelea kuandika kwa kalamu. Kaka iliniuma.

Usiku nikakaa nayo. Skrini inachora mara 60 kwa sekunde, yaani una milisekunde kama 16 tu, na mimi kila kidole kikisogea napima mahali kadi zote 300 zilipo ndo nijue kipo juu ya ipi, halafu nabadilisha left na top (nafasi ya kadi kwenye ukurasa), brauza inapanga ukurasa upya, napima tena! Sasa napima mara moja tu anaposhika kadi, nahifadhi (akiskroli najumlisha umbali aliosogea), kadi naisogeza kwa transform (inahama bila ukurasa kupangwa upya), na uchoraji unasubiri requestAnimationFrame, yaani zamu ya brauza kuchora. Kidole na kadi sasa vinaenda pamoja.

Kilichobaki ni pale anapoachia, inaganda kidogo. Nahisi orodha yote inachorwa upya wakati iliyohama ni kadi moja tu. Na usiniambie nirudi kwenye ile njia ya kuburuta ya HTML5, inayokuja na brauza yenyewe, ile imezaliwa na mausi, kwenye simu mpaka ubonyeze muda mrefu, mzee hawezi kusubiri hivyo na boti inapakia.

Wewe ile programu ya dogo wa Ipuli ulifanyaje? Ulichora zinazoonekana kwenye skrini tu? Na akiburuta mpaka chini kabisa, zile zilizofichwa zinawahi kutokea? Ile simu yako ya zamani bado unayo, unaweza kunijaribia Jumamosi? Niambie mapema maana J3 narudi Kibirizi, na nataka nimkute mzee kabla hajamaliza hilo daftari. Dagaa nakutumia kwa treni, asali usisahau.