Baba Mkubwa, mi siishi Atlanta, naishi Gwinnett

Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama, na nyie wengine mtakaosomewa barua hii hapo barazani (najua Baba Mkubwa ataisoma kwa sauti na kusimama kwenye kila koma) hamjambo? Huku tuko wazima, mama watoto mzima, watoto wanakua hadi viatu tunanunua kwa hasira. Baridi imeisha, sa hivi tuko kwenye ule msimu wa chavua ya mipaina, yaani gari ukiliacha nje usiku asubuhi unalikuta la njano kama mtu kalipaka manjano ya pilau, na mafua juu.

Sasa nimeona kwenye grupu la familia Baba Mkubwa umeuliza huyu kijana anaishi mji gani hasa, mara Atlanta mara Lawrenceville mara Gwinnett, dada akakujibu Atlanta na mada ikafungwa hapo watu wakaendelea na picha za harusi. Mtu aliyefundisha Jiografia mpaka kustaafu hawezi kupewa jibu la neno moja, kwahiyo leo niko ofu nimekaa mezani nakuandikia vizuri, ukitaka chukua kalamu nyekundu kabisa.

Atlanta ni mji, na mi siko kwenye huo mji. Niko kaunti ya Gwinnett, kaskazini mashariki yake. Makao makuu ya kaunti ni Lawrenceville, na kutoka hapo mpaka katikati ya Atlanta ni karibu kilomita 50 hivi, nusu saa ukienda saa nane usiku, ukienda saa moja asubuhi sikuambii kitu. Jimbo hili la Georgia, huku Marekani, wamelikatakata kaunti 159, nyingi ni za mashamba na watu wachache, ila hii yetu ni ya pili kwa wingi wa watu jimbo zima, inazidiwa na Fulton tu ambayo ndo imebeba sehemu kubwa ya Atlanta. Na hapa ndo huwa siaminiki nikiwapigia simu: sensa ya 2020 ilihesabu Gwinnett watu 957,062, wakati mji wa Atlanta wenyewe, huo unaojulikana dunia nzima, una watu 498,715. Yaani pembezoni kuna watu karibu mara mbili ya mjini, alafu jina lote anachukua mjini. Hata mimi nikiwa airport mtu akiniuliza natokea wapi nasema Atlanta maana nikisema Gwinnett ananitazama tu.

Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,130. Mkoa wa Dar es Salaam una 1,393, kwahiyo sio mbali sana, Gwinnett ni ndogo kidogo. Lakini Dar sensa ya 2022 ilitoa watu 5,383,728. Ukigawanya unapata huku kama watu 850 kwa kilomita moja ya mraba na Dar inakaribia 3,900. Ndo maana siku ya kwanza nimefika nilimuuliza mwenyeji wangu hao watu laki tisa na ushee wako wapi, maana nilikuwa naona miti. Miti ya paina mirefu kama ile ya Sao Hill, barabara, miti, kanisa, kituo cha mafuta, miti tena. Watu wako nyuma ya miti. Kila baada ya hatua kadhaa kwenye barabara kubwa kuna njia inaingia ndani, pana kibao cha mawe na maua na jina la kifahari, ukiingia unakuta nyumba mia au mia mbili zimejengwa na kampuni moja, ramani mbili tatu zinajirudia, barabara zinazunguka alafu zinaishia kwenye duara, hakuna kutokea upande wa pili. Unatoka ulikoingilia.

Mfano mtaa wetu. Nyuma ya uzio wa jirani kuna maduka, usiku naona taa zake kutoka dirisha la jikoni, nikirusha jiwe kwa nguvu linafika. Kwenda kununua mkate sasa: naingia kwenye gari, natoka mpaka kwenye geti la mtaa, nageuka kulia, nasubiri taa, nageuka kulia tena, napita mbele ya kituo cha mafuta, naingia pakingi yenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Kwa miguu ningeweza ila kuna sehemu njia ya waenda kwa miguu inakatika tu katikati ya majani kama walikosa bajeti. Mama akija atapata tabu, maana yeye bila kwenda gengeni asubuhi na kupiga stori na wauza mchicha siku haijaanza.

Hiyo ndo shida yangu kubwa na hapa, wacha niseme. Watu ni wengi ila hakuna kati. Hakuna Kariakoo yake. Lawrenceville ina ule uwanja wa mahakama ya zamani na migahawa kuzunguka, pazuri, ila ina watu elfu 30 tu. Peachtree Corners ndo mji wenye watu wengi kuliko yote ndani ya kaunti, kama 42,000, na umesajiliwa kuwa mji mwaka 2012 tu, yaani mji mdogo kiumri kuliko mtoto wa dada. Vingine ni Norcross, Duluth, Suwanee, Buford, Lilburn, Snellville, vimji vimji hivi. Ila watu wengi wa kaunti hawaishi ndani ya mji wowote! Sisi wenyewe anwani yetu inasema Lawrenceville lakini hatuko ndani ya mipaka ya Lawrenceville, meya wao hatumpigii kura, posta ndo imetuandika hivyo kwa sababu barua zetu zinapitia kwao. Serikali yetu ni ya kaunti moja kwa moja, bodi ya makamishna watano, mwenyekiti ni Nicole Love Hendrickson, alichaguliwa 2020 na ndo mtu mweusi wa kwanza kushika hicho kiti.

Sasa nakuja kwenye sehemu yako Baba Mkubwa. Unakumbuka ulivyokuwa unatuchorea ubaoni mvua ya Tabora inashuka Malagarasi, inaingia Tanganyika, inatokea Kongo mpaka Atlantiki, wakati mvua ya Morogoro inaenda Bahari ya Hindi? Basi huku kuna mgongo wa namna hiyo unapita ndani kabisa ya kaunti. Tone likianguka upande wa magharibi linaingia mto Chattahoochee, ambao ndo mpaka wetu wa upande huo, linateremka mpaka Ghuba ya Mexico. Likianguka upande wa mashariki linaingia Yellow au Alcovy, huko mbele inaungana na kuwa Ocmulgee, alafu Altamaha, na mwisho ni Atlantiki. Na huo mgongo huwezi kuuona kwa macho, sio mlima, ni kimwinuko tu cha kawaida chenye maduka ya matairi juu yake. Ila waliojenga reli miaka ya 1870 mwanzoni waliujua, wakapitisha reli juu juu ili wasijenge madaraja mengi, na vituo vya hiyo reli ndo vikawa Norcross, Duluth, Suwanee na Buford. Ndo maana ukiangalia kwenye ramani vimji hivyo vimepangana mstari mmoja. Nilivyojua hilo nilikukumbuka sana, nikamwambia mwanangu mdogo tukiwa kwenye gari akasema ok baba. Hana habari.

Udongo ni mwekundu, mfinyanzi, miamba ya chini ni ya zamani sana, imeoza juu kwa joto na mvua. Soksi za watoto wakicheza nje hazirudi kuwa nyeupe, sahau. Pamba ililimwa sana kwenye udongo huu, na kabla ya hapo ilikuwa ardhi ya Cherokee na Creek, wakaondolewa. Kaunti ikaundwa 1818 na kupewa jina la Button Gwinnett, Mwingereza wa kuzaliwa, mmoja wa wale watatu wa Georgia waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani 1776, mwaka uliofuata akapigana bastola na mwenzake wa siasa akafa kwa jeraha. Huku hakuwahi kuishi.

Sasa watu wametoka wapi. Mwaka 1970 Gwinnett nzima ilikuwa na watu 72,349, yaani wilaya ya shamba. 1980 wakapita 166,000. 1990 wakawa 352,910, mwaka 2000 588,448, 2010 805,321, na hii 2020 nimeshakutajia. Kila mtu ana sababu yake anayoipenda ila mi naona ni vitu vinne vimekutana: barabara kubwa ya I-85 imepasua katikati, maji yalikuwepo kwa sababu ya bwawa la Buford la miaka ya 1950 ambalo ndo lilitengeneza ziwa Lanier huko kaskazini na mpaka leo tunakunywa maji yake, mashamba yalikuwa bei rahisi, na wazungu wengi walikuwa wanahama Atlanta baada ya shule kuchanganywa weusi na weupe. Hilo la mwisho halisemwi sana kwenye vipeperushi. Mwaka 1990 wazungu walikuwa kama watu tisa kwenye kila kumi.

Alafu angalia maajabu, waliokimbia mchanganyiko mchanganyiko ukawafuata. Sensa ya 2020 hakuna kabila, yaani hakuna rangi yenye nusu. Wazungu ni karibu theluthi, weusi zaidi ya robo, Walatino karibu robo, Waasia kama asilimia 13, na karibu mtu mmoja kwa kila wanne amezaliwa nje ya Marekani, mimi mmojawapo. Duluth ni Wakorea, mabango ya Kikorea kuanzia benki mpaka kinyozi, kuna sapamaketi yao moja ndo nanunua samaki wazima, bamia na mihogo, maana duka la kawaida samaki anauzwa kipande hana kichwa, huyo samaki gani. Upande wa Norcross ni Walatino. Na Kiswahili kipo, usidhani! Clarkston, ambayo ni kaunti ya jirani ya DeKalb, wamepokelewa wakimbizi wengi sana miaka na miaka, wakiwemo Wakongo, na baadhi wakishajipanga kidogo wanahamia huku kwetu kutafuta nyumba yenye uwanja. Kuna mama mmoja wa Kivu tuko naye kazini ghalani, akinisikia naongea na simu ananicheka anasema Kiswahili changu kinaimba kama taarabu.

Shule za kaunti ni mfumo mkubwa kuliko wote Georgia, wanafunzi kama 180,000. Hizo shule ndo zinawaleta wazazi, sisi pia ndo zilitufanya tuchague huku badala ya nyumba ya bei ndogo sehemu nyingine. Basi la njano linamchukua mtoto karibu na mlango, hapo sina neno.

Usafiri wa watu wazima sasa ndo kichekesho. Treni ya Atlanta inaishia Doraville, karibu kabisa na mpaka wetu, haiingii. Sio kwamba hawakuulizwa. Wamepiga kura 1971 wakakataa, 1990 wakakataa, 2019 wakakataa, 2020 ikashindwa kwa kura chache mno, 2024 wakaulizwa habari ya kuongeza kodi kwa ajili ya mabasi na usafiri wakakataa tena. Zamani ilikuwa ni hofu ya nani atapanda hiyo treni aje, wala hawakuficha sana. Sa hivi nadhani ni kodi zaidi, maana hata wageni wenzangu nimewasikia wanasema mimi nina gari yangu treni ya nini. Mi ningepiga kura ya ndio, ila bado sina uraia. Mabasi ya kaunti yapo machache, asubuhi kwenye I-85 kila mtu yuko peke yake kwenye gari lake amekunja sura. Nyie mnaolalamikia mwendokasi kujaa, angalau umo.

Baba Mkubwa ukija, Mungu akijalia, njoo mwezi wa kumi. Mwezi wa saba huku ni joto la jasho kama Dar ya Januari, na mwezi wa tatu chavua itakuua na ile pumu yako. Nitakupeleka Buford uone bwawa, tutasimama na kwenye ule mgongo wa maji. Stone Mountain pia, iko DeKalb lakini ni karibu, jiwe moja la granaiti kubwa unapanda kwa miguu mpaka juu, na ukiwa juu ndo utaniamini kwamba watu wamefichwa na miti maana utaona msitu tu mpaka majengo ya Atlanta. Kwenye fomu ya viza sehemu ya anwani andika Lawrenceville kama nilivyokutumia, usiandike Gwinnett peke yake.

La mwisho, kile kiwanja cha Mlandizi. Nasikia kuna mtu katoa bei. Mi naomba kisiuzwe kwanza. Waliouza mashamba huku mwanzoni mwa miaka ya sabini waliona wamepata pesa nyingi, na hayo mashamba ndo haya ambayo leo mimi nalipia mkopo wa miaka 30. Muulizeni mwenyekiti wa mtaa kama hati imefikia wapi alafu dada anipigie Jumapili, Jumamosi nina zamu.

Mwanenu.