Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kumkumbuka Mzee Kompyuta

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati na wageni wetu: Assalaam aleikum, Bwana Asifiwe, na kwa wengine wote habari za asubuhi.

Kwa kawaida taarifa yangu huanza na ada. Leo hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba mfuko umehimili misiba yote, rambirambi zimefika kwa wafiwa kwa wakati, na wenye malimbikizo wanajijua. Muda uliobaki nimeuweka kwa marehemu mzee wetu, mtunza rejista wa chama hiki cha kufa na kuzikana, ambaye nusu ya mtaa ulimwita Mzee Kompyuta bila kulijua jina lake la kwenye kitambulisho.

Marehemu aliandika programu za kompyuta tangu enzi ambazo kazi hiyo haikueleweka hata kwa wakwe. Aliajiriwa hapa Dar es Salaam wakati marufuku ya serikali ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini ingalipo, kwa hiyo alijifunzia kwenye mashine kuukuu iliyokula chumba kizima na kuendeshwa kwa viraka na dua. Yeye na wenzake waliandika kwa COBOL, lugha ya kuandikia programu, mstari mmoja wa programu kwenye kadi moja ya kutoboa, yaani karatasi ngumu yenye safu 80 ambayo mashine ilisoma matundu yake. Bunda la kadi likidondoka sakafuni na kuchanganyika, kazi imeharibika. Yeye alichora mstari wa mshazari ubavuni mwa bunda; kadi ikikaa si mahali pake, mstari unakatika na jicho linaona. Kadi chache alistaafu nazo, akawa anawekea alama kurasa za msahafu wake.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni ya 1998 na 1999. Programu za zamani za mishahara na pensheni zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi: aliyezaliwa 1945 aliandikwa 45. Mwaka 2000 ungesomeka 00, na ukitoa 45 kwenye 00 unapata mstaafu ambaye bado hajazaliwa. Nani angemlipa? Yeye na wenzake walizipitia programu mstari kwa mstari, usiku na mchana. Januari ikafika, mishahara ikaingia kama kawaida, na watu wakasema kumbe zilikuwa kelele za bure. Neno hilo lilimuudhi hadi mwisho, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kuudhika. Fundi anayeziba paa kabla ya masika hashukuriwi na mtu.

Lakini hapa mtaani tulimjua zaidi kwa wajukuu. Baada ya alasiri ungemkuta barazani na bao lake la mninga, wajukuu wamemzunguka, na watoto wa jirani pia, maana hakufukuza mtoto. Siku moja nilimkuta na yule mjukuu wake mkubwa, ambaye bibi yake humwita mke mwenza. Hawakuwa wakicheza. Mzee alikuwa ameondoa kete zote na kubakiza mstari mmoja wa mashimo manane. Kete kwenye shimo la mwisho kulia ni 1, linalofuata 2, kisha 4, kisha 8, kila shimo mara mbili ya jirani yake. Binti akaweka kete kwenye la 8 na la 2, akasema kumi. Babu akamwambia ajaze yote manane. Akajumlisha kwa vidole, akarudia, akapata 255. Mzee akamwambia kompyuta inahesabu hivyohivyo, ila haina vidole. Mimi nilikuwa nimekwenda kulipa ada. Nikakaa hadi maghribi.

Sasa rejista. Aliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta yake, lakini hakuiamini peke yake: kila malipo yaliandikwa pia kwenye kaunta buku, na nakala ya tatu kwenye flashi aliyoihifadhi nyumbani kwa mweka hazina. Baadhi yetu, nami nikiwemo, tuliona huo ni wasiwasi wa wazee. Masika yaliyopita maji yakaingia chumbani kwake na kompyuta ikafa. Ndani ya wiki hiyohiyo kila mwanachama alisomewa salio lake sahihi. Mwishoni mwa kaunta buku ameacha maelezo ya kurasa tatu kwa mwandiko wa pole, yanayoeleza namna ya kuiendesha rejista hatua kwa hatua.

Aliyemsaidia kuyaandika ni yule binti wa bao, ambaye sasa yuko chuoni anasoma kompyuta. Kamati inapendekeza akabidhiwe rejista kwa mwaka mmoja, chini ya usimamizi wa katibu. Katiba yetu inataka mtunza rejista awe mwanachama, naye bado si mwanachama; hivyo itabidi mkutano huu umpokee kwanza, na kiingilio chake bibi yake ameshakilipa.

Naomba kuwasilisha.